Siagi ya Mama Mkwe

Mwoka keki wa pale kona haamini kikombe. Ukimpelekea mapishi ya nyumbani anauliza, "Kikombe kipi, dada?" kisha anakurudisha ukakilete. Ukimwambia mchele mmoja mapishi mbalimbali, anajibu, "Mzani ni mmoja." Hata yai analipima, na gramu mbili zikizidi anazichota kwa ncha ya kisu, midomo ikihesabu kama anayebembeleza mtoto.

Juzi jirani yake mmoja, mwanamke aliyepata oda ya keki arobaini, alimletea karatasi ya mapishi aliyoandikiwa na mama mkwe wake mwaka wa harusi, amsaidie kuzioka. Keki zake hutoka kavu kama tofali. Mwokaji akageuza vikombe kuwa gramu, akarudia hesabu. Kilo ya unga kwa gramu mia mbili za siagi? Mama mkwe alimpunja mkwewe nusu nzima ya siagi! Akaiongeza nusu hiyo kwenye unga bila kumwambia mtu.

Siku ya kuonja jirani alikuja na mama mkwe wake. "Hii ndiyo ya mama hasa!" jirani alishangilia. "Miaka tisa nilikuwa nakosea wapi?"

Mama mkwe akaacha kutafuna. Mwokaji akafuta mzani uliokuwa safi tayari. "Vikombe, dada. Havilingani."

"Vikombe hivyo!" mama mkwe akadakia, akamkatia mkwewe kipande kikubwa zaidi.