Asilimia Tisini na Saba

Miwani, dada ninayefanya naye kazi, ananichosha. Miaka mitatu sasa tunakaa meza moja katika chumba cha kumbukumbu za hospitali, tunaifundisha kompyuta kusoma vitabu vya zamani vya wodi ya wazazi. Wauguzi wa enzi hizo waliunganisha herufi mpaka ukurasa mzima unaonekana kama kuku kapita na matope miguuni. Mashine inakisia neno, sisi tunakubali au tunasahihisha, nayo inajifunza hapo. Neno la dakika moja, kwa Miwani ni nusu saa. Atapeleka kitabu dirishani, atashika lenzi, atalinganisha mkia wa herufi hii na ule wa juzi. Mimi je? Mwezi wetu wa kwanza kazini, msimamizi alipotukaba koo kwa idadi, kila doa la wino lililofunika neno kwenye safu ya hali ya mtoto nililibonyezea "hai". Si wengi walizaliwa hai, jamani? Nilimaliza boksi zima kabla ya mchana, nikamcheka Miwani.

Jumanne mashine ikafika kwenye kitabu alichokuwa akikisubiri muda wote huo bila kuniambia. Mama yake alijifungua katika hospitali hii kabla yeye hajazaliwa. Akaambiwa mtoto amekufa, maiti hakuonyeshwa, na mpaka leo anashikilia kwamba alimsikia akilia. Jina la mama lilikuwepo, linasomeka vizuri. Kwenye safu ya hali, wino ulikuwa umechuruzika. Mashine ikaandika: hai, uhakika asilimia tisini na saba.

Miwani huyo huyo, safari hii lenzi hata hakuigusa. Analia, anacheka, simu mkononi. Nikapandwa na hasira, tena nikamkasirikia yeye, wakati mkosaji namjua. Mashine haisomi doa. Inaangalia tu madoa ya aina hiyo yaliitwaje huko nyuma, na aliyeyaita ni mimi.

"Dada, usimpigie kwanza," nikamwambia. "Hiyo tisini na saba ni yangu."

Hakunielewa. Nikamweleza yote: boksi, msimamizi, uvivu wangu. Akaweka simu mezani, akavuta kitabu, akachukua lenzi. Alilitazama lile doa mpaka shingo ikaniuma mimi.

"Hapasomeki," akasema.

Simu ikaanza kuita pale mezani. Kumbe alikuwa ameshambipu mama yake.