Taa Mpya Haimsubiri Bibi

Bibi yangu leo kamwambia fundi airudishe taa mbovu darini.

Jamani, ngojeni niwaeleze.

Sebule yetu hapa Lindi ina zile taa ndefu za tyubu zilizozama ndani ya dari. Zimezeeka. Ukibonyeza swichi zinapepesa, zinanguruma, zinapepesa tena, ndipo ziwake.

Leo nikaita fundi. Akang'oa choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu za zamani, akaunga waya upya, akaweka tyubu za LED. Anamaliza, magharibi hiyo inaingia.

Nikabonyeza. Paa! Sebule nzima nyeupe.

Bibi: "Zima."

Nikadhani macho yanamuuma.

"Zima, nimekwambia! Hata dua sijamaliza! Fundi, nirudishie taa yangu ya zamani!"

Kumbe miaka yote hii taa ikianza kupepesa, Bibi anaanza dua yake ya jioni. Ikiwaka, anasema amina. (Mimi nikiona midomo yake inacheza, nilidhani anailaani ile taa!)

Fundi, kwa adabu zote: "Bibi, hii haisubiri. Wewe omba kwanza, ndipo tuwashe."

Bibi akaridhika. Nikazima. Akaanza.

Sasa zamani taa ndiyo iliyokuwa inamkatiza. Leo nani amkatize? Kaombea wajukuu mmoja mmoja, mikorosho ya shambani kwetu Pande, mpaka fundi na ngazi yake. Tumesimama gizani, viganja wazi, fundi anaitikia kuliko sisi wenye nyumba.

Kwenu nani mwenye amri ya swichi?

Na majirani, mkiona kwetu giza magharibi, umeme haujakatika. Bibi hajafika kwenye amina.