Tangazo la Kifo Nililoliandika kwa Kujaribu

Admin, nifiche jina tafadhali. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, naishi Kawangware. Sina machozi ya kuwatolea. Nimekaa na hii kitu mpaka nikafa ganzi, basi nitaisema tu vile ilivyokuwa.

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo hapa Kawangware, lakini nikiishi Kianda, Kibera. Watu wa kwetu, upande wa ziwa, tulikuwa na chama cha kusaidiana wakati wa matanga. Wenzetu walioko ng'ambo wakasema tufungue tovuti, mtu akifa wasome huko huko. Mimi nikaambiwa nichague programu ya kuiendesha.

Zilikuwa mbili. Ya kwanza, kila mtu ana nenosiri lake, na tangazo halitoki mpaka mwenyekiti alipitishe. Ya pili, nenosiri ni moja la wanachama wote, ukibonyeza tu limetoka. Sasa mwenyekiti wetu, wah! Hata kusaini barua ilikuwa umfuate kwake Laini Saba mara tatu. Nikachagua ya pili. Nikajiona mjanja.

Ijumaa moja nikaijaribu. Fomu ilitaka jina la marehemu, ukoo, na mahali pa kuzikwa. Nikaandika jina la kwanza lililonijia: la kaka yangu, nimwite Okelo, mzima kabisa, fundi wa viti pale Olympic, hapo hapo Kibera. Nikabonyeza. Kabla sijafuta, stima zikapotea. Nikafunga nikaenda nyumbani, nikijiambia, kwani nani atasoma?

Binamu yetu ng'ambo alisoma. Akapiga simu dukani, sokoni kule kwetu ziwani. Kufika Jumapili mama alikuwa amelia hadi sauti ikaisha, na boma limejaa waombolezaji. Okelo akapata habari, akasafiri kuwaonyesha yuko hai. Wazee wakamzuia langoni: mtu aliyeliliwa haingii hivi hivi, kwanza afanyiwe tambiko. Naye ameokoka. Akasema, "Mimi sijafa, hakuna cha kunitakasa." Akageuka. Mpaka leo hajaingia. Hata mama alipozikwa alisimama nje ya ua.

Jumatatu nilifuta lile tangazo. Chama kilipouliza ni nani aliyeliandika, nikanyamaza. Nenosiri lilikuwa moja, nani angejua? Okelo akaamua ni Owuor, ndugu yetu wa mama mdogo, mke wa pili wa baba, eti kwa sababu ya kugombania shamba. Owuor aliapa mpaka akachoka. Hawajasalimiana tangu hapo. Mimi nakula kwa wote wawili, na kote nanyamaza.

Sasa Owuor anaumwa. Hospitali wametuambia tumpeleke tu nyumbani. Jana nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono. "Dada, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Mwambie Okelo si mimi niliandika. Wewe atakuamini."

Nikamwambia, "Sawa, nitamwambia." Nikaendelea kumlisha. Sikumwaga hata tone, na hiyo ndiyo inanitisha.

Okelo ndiye alinisomesha. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, Owuor anakufa na kosa langu. Mficha uchi hazai, najua, msinikumbushe. Niambieni tu, nianze kwa nani kati yao wawili? Na mnijibu leo, kwa sababu uji wa asubuhi ya leo Owuor hakuumaliza.