Udaktari Mara Tano

Mwalimu wa ushauri wa masomo katika shule ile ya sekondari aliitwa Chaguo la Pili, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Lilianza siku mkuu wa shule alipotangaza, kifua mbele, kwamba mgeni rasmi wa mahafali angekuwa waziri mzima. Walimu walipiga makofi. Yeye alikuna kidevu, kisha akauliza kwa heshima zote, "Na chaguo la pili ni nani, mkuu?" Mkuu alimkata jicho. Waziri, kama ilivyo desturi ya watu wenye majukumu mazito, alipatwa na dharura, na vyeti vikagawiwa na fundi aliyekuja kurekebisha vipaza sauti. Wambea wakaongeza kwamba hata siku ya kuposa mwalimu aliulizia dada wa mchumba. Uongo mtupu. Mkewe hana dada.

Ofisi yake ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo kabla ya uongozi kutambua umuhimu wa ushauri na kuhamisha nusu ya mipira. Humo ndimo wanafunzi walimojazia maombi ya vyuo, kwenye kompyuta moja ambayo herufi yake ya A ilihitaji kubembelezwa. Mfumo ulimpa kila mwombaji nafasi tano za kozi. Mwalimu naye alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kugusa kitufe, mwanafunzi husoma kwa sauti sifa zinazotakiwa, kisha husoma alama zake. Ndoto nyingi zilifia hapo, kwa adabu.

Alasiri ya mwisho kabla ya maombi kufungwa, aliingia shemeji yake, mume wa dada yake, akiwa amevaa suti. Nyuma yake alikuja binti yake, mpwa wa mwalimu, ambaye mtaa mzima ulikwisha kuamriwa kumwita Daktari.

"Shemeji, hatukai," alisema baba huyo, akikaa. "Jaza udaktari wa binadamu."

"Na chaguo la pili?"

"Udaktari."

"La tatu?"

"Shemeji, una matatizo ya masikio? Udaktari mara tano! Wakuu wa chuo wakiona mtu katapatapa huku na kule, watasema hajui anachotaka."

Mwalimu alimgeukia mpwa wake. "Mama, soma."

Binti akasoma sifa: biolojia alama ya juu, kemia alama ya juu. Akasoma alama zake: hisabati na jiografia zilipendeza mno, biolojia ilikuwepo, basi.

"Hizo ni alama za karatasi tu," alisema baba. "Udaktari uko kwenye damu."

"Baba, damu yenyewe nikiiona nazimia. Siku ile ulipojikata kidole nani alianguka?"

"Utazoea."

"Uliniruka ukaenda kutafuta bandeji."

"Kwa sababu nilijua utapona! Ona, tayari tunaelewana kitabibu."

Binti alitaka upimaji wa ardhi. Alikwisha kumweleza mama, mjomba, na hata jirani aliyekuwa akigombana na mwenzake juu ya mpaka wa uzio. Aliyebaki ni baba, ambaye kila jambo hilo lilipotajwa alipatwa na kikohozi.

Mwalimu hakubishana. Aliandika udaktari katika nafasi ya kwanza, kisha akaandika tena katika ya pili. Kompyuta ikakataa: kozi hiyo imekwisha kuchaguliwa.

"Mashine yako haina nidhamu," alisema baba. "Basi acha hizo nne wazi. Tuma!"

"Mwombaji ndiye hutuma," alijibu mwalimu, akampisha mpwa wake kiti. "Ila mjue: akikosa hiyo moja, hakuna pa kuangukia. Atakaa nyumbani hadi mwakani."

Binti alishika kipanya, lakini hakubofya. "Baba, nikikosa, wale uliowaambia niko njiani kwenda chuoni utawaambia nini? Mwenyekiti wa mtaa? Fundi suti?"

Kikohozi kilianza, kikakosa nguvu njiani. Mwalimu, aliyemjua shemeji yake kuwa mtu asiyeogopa chochote duniani isipokuwa majirani, aliipanga upya mipira iliyokwisha kupangwa.

"Huo upimaji," baba alisema hatimaye, "wana ofisi?"

"Wana ofisi, wana magari, na darubini yenye miguu mitatu."

"Darubini." Alilionja neno hilo. "Uweke. Lakini wa pili! Udaktari ubaki juu, watu wasije wakasema."

"Wa pili," alisema mwalimu, akijitahidi sana kutotabasamu. "Wazo zuri, shemeji. Sijui kwa nini sikulifikiria."

Binti aliandika upimaji wa ardhi, akiibembeleza kila A, akajaza na nafasi tatu zilizobaki kwa kozi za ramani na ujenzi ambazo alama zake zilizifikia. Akazisoma zote kwa sauti, akabofya. Mfumo ukathibitisha kupokea. Alitazama kioo cha kompyuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema polepole, "Asante, mjomba."

Nje ya mlango, baba alikwisha kupiga simu. "Eeh, tumemaliza! Udaktari, ndiyo. Au darubini. Wewe unaijua darubini? Hapana, huwezi kuijua."

Mwalimu alizima kompyuta, akaifunika kitambaa, akavuta pembe zake nne hadi zikalingana.