Kumi wa Nezumori

Tangu kampuni ya reli ilipowaondoa wafanyakazi wake katika kituo cha Nezumori, yapata miaka thelathini sasa, anayekifagia ni Bi Fusae. Hakuna aliyemtuma. Mumewe ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo wa mwisho, na alipofariki, Fusae alilichukua fagio la mianzi akaendelea tu. Kila treni ilipoondoka alisimama jukwaani akaiinamia, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Kupanda, hakupanda. Aende wapi, na majani yanaanguka kila siku?

Mwaka huo ikaja barua. Siku moja ya Novemba dereva angehesabu wanaopandia Nezumori. Wakiwa chini ya kumi, kituo kifungwe. Fusae alipita nyumba hadi nyumba, akibembeleza na kutisha, na siku yenyewe wakaja majirani tisa, wamevaa kama waendao harusini. Pamoja naye, kumi. Wa akiba hakuwepo.

Treni ya saa tatu ikaingia, behewa moja, mlango ukafunguka.

"Tangulia, Bi Kiyono," alisema Mzee Tokuji, muuza tofu ya soya.

"Mimi? Mkubwa wetu ni wewe. Tafadhali."

"Basi Fusae atangulie, kituo ni chake."

"Niwatangulie wageni wangu? Aibu gani hiyo!"

Wakainamiana, wakarudi nyuma hatua moja moja, kila mtu amenyoosha mkono kumwonyesha mwenzake mlango. Dereva akatazama saa. Huku kwetu treni ikichelewa nusu dakika, abiria huombwa radhi. Mlango ukafungwa, treni ikaondoka tupu, na Fusae, kwa mazoea, akaiinamia.

"Haraka haraka haina baraka," Mzee Tokuji alijaribu kusema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" Fusae alimfokea, machozi yakimlenga. "Miaka yote nafagia, halafu kituo kiuawe na adabu zenu!"

"Zetu?" Bi Kiyono akadakia. "Na aliyeiaga treni ikituacha ni nani?"

Hata Fusae ilibidi acheke.

Hesabu ilikuwa ya siku nzima, na treni nyingine ilikuwa ya saa sita. Wakakaa chumba cha kungojea, juu ya vitakia alivyovishona Fusae mwenyewe, wakala matonge ya wali na achari ya figili, wakasengenya kijiji kizima. Chumba kile hakikuwahi kujaa hivyo tangu enzi za mumewe. Hofu alikuwa nayo, lakini furaha ilizidi.

Saa sita ilipofika hakumpa mtu nafasi ya kuinama. Aliwaswaga kwa fagio kama anayeingiza kuku bandani.

"Ingia! Ingia! Heshima mtaikuta ndani!"

Kisha akarudi nyuma, akajiweka sawa, akainama.

"Tisa," alisema dereva.

Mzee Tokuji akachomoza mlangoni, akamshika Fusae mkono wa koti. "We mama, kwani wewe si mtu?"

Akavutwa ndani, yeye na fagio lake.

"Kumi," alisema dereva, akamvulia kofia.

Treni ikasogea. Fusae akageukia dirisha. Siku zote yeye ndiye aliyebaki. Hakuwahi kukiona kituo chake kikibaki nyuma, kidogo, kisafi, jukwaani hakuna hata mtu wa kuaga. Moyo ukamjaa. Akakiinamia mpaka kona ikakificha.

"Narudi na ya saa tisa," akakiambia.