Gaz ya kamioneti ya papa

Jamani, leo kidogo nichome mama yangu!

Nilikuwa nafunga grili mupya ku chupa ya gaz, ndani ya kamioneti ya marehemu papa. Ile tulikuwa tunalala ndani, ku njia ya Ubundu, wakati wa vita ya rébellion.

Nikashika kiberiti.

Mama akanikamata mukono: "Ngoja! Leta maji ya sabuni kwanza."

Akapakaa pale mupira ya grili unaingia ku chupa. Mapovu yakatoka. Gaz ilikuwa inavuja!

"Mama, nani alikufundisha?"

"Papa yako. Alifanya hivi kila siku mbele ya kupika, hata tukisikia masasi ya bunduki. Nilikuwa namucheka."

Bon, tukakaza mupira, tukachoma samaki. Mama akakula yake ku kiti ya chauffeur, pale papa alikuwa anakaa. Mara ya kwanza anakaa pale tangu tumuzike papa.

Nyinyi, papa zenu waliwaachia mazoea gani?