Mjaza fomu za viza na fomu ya mama yake

Saa moja na nusu asubuhi, geti la ubalozi bado limefungwa lakini foleni imeshakata kona. Ng'ambo ya barabara, mwanamume wa miaka arobaini na minane anakung'uta vumbi kwenye meza yake ndogo, anapanga kalamu tatu, gundi, mkasi na bunda la fomu. Wateja humwita Bwana Fomu. Jina lake halisi, anasema, siku hizi linajulikana benki tu.

"Kalamu ya bluu weka mfukoni," anamwonya mteja wa kwanza. "Hapa ni nyeusi. Ukijaza kwa bluu wanakurudishia karatasi zote."

Mteja amekuja na mkewe. Wanataka viza ya utalii, siku kumi na nne, katika nchi hiyo ya Afrika Magharibi ambayo bendera yake inapepea juu ya geti. Bwana Fomu anawauliza tarehe ya ndoa. Mume anatazama juu, anatazama chini. Mke amekunja mikono, hamsaidii.

"Andika mwezi wa nane," mume anabahatisha.

"Mwezi wa nane ulimuoa nani?" mke anauliza, na wateja waliopanga foleni nyuma yao wanaangua kicheko.

Ni mwaka wa tisa sasa anafanya kazi hii. Siku nzuri huhudumia watu kumi na wawili, siku mbaya wawili, na kinachopatikana kinatosha kodi ya vyumba viwili na ada ya binti yake. Masharti anayo kichwani: pasi yenye miezi sita mbele, picha mbili zenye nyuma nyeupe, kadi ya njano ya chanjo, tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa hoteli. Katika kila fomu mia anazojaza, anasema kwa majivuno, hazirudi tano.

Iko moja iliyorudi ambayo haimtoki moyoni. Ilikuwa ya mama yake mzazi.

Miaka minne iliyopita, kaka yake mkubwa, fundi majokofu aliyehamia nchi hiyohiyo na kuoa huko, aliugua figo. Mama akataka kwenda kumuuguza. Viza ya kutembelea jamaa ilidai barua ya mwaliko yenye muhuri wa mwanasheria wa huko. Mgonjwa alikuwa hajiwezi, na mkewe alikuwa anashinda na kukesha hospitali. Bwana Fomu akaamua kupita njia ya mkato.

"Nikaandika utalii," anasema. "Nikaweka hoteli, siku kumi. Nilijiona mjanja, si unajua tena? Nikamwambia Mama weka sahihi hapa, akaweka. Sikumwambia nimeandika nini. Niliona hayo ni mambo yangu ya kazi, yeye yanamhusu nini?"

Yaliyotokea dirishani anayasimulia mama mwenyewe, nyumbani kwake, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Ana miaka sabini na mitatu.

"Yule ofisa akaniuliza, mama, unakwenda kutalii wapi? Nikamwambia, kijana wangu, mtalii gani mwenye miguu hii? Nakwenda kumpikia mwanangu uji, anaumwa. Akaniuliza, na hii hoteli? Nikasema, hoteli ya nini na mwanangu ana nyumba?" Anajigusa midomo kwa vidole viwili. "Mdomo wangu huu. Huu huu."

Mama akanyimwa viza. Fomu inasema hili, mwombaji anasema lile. Asirudi kabla ya miezi sita. Mwezi wa nne wa kusubiri, fundi majokofu akafariki. Alizikwa hukohuko, na mama yake aliyaona mazishi kwenye simu, picha ikigandaganda.

Wiki iliyofuata Bwana Fomu alivuka barabara, akasimama mbele ya tangazo la masharti lililobandikwa ukutani mwa ubalozi, akalisoma kutoka juu mpaka chini. Kifungu cha saba kilisema anayekwenda kuuguza mgonjwa anaweza kuleta barua ya hospitali badala ya mwaliko.

"Barua ya hospitali! Shemeji angenitumia kwa simu siku ileile," anasema. "Miaka mitano nimekaa nalitazama lile tangazo. Sikuwahi kufika kifungu cha saba. Nilikuwa najua, bwana. Mtu anayejua anasoma ya nini?"

Hayo hajawahi kumwambia mama yake. Miaka yote hii mama ameamini ni yeye aliyejikosesha kumwona mwanawe. Majirani wanasema zamani ukipita kwake kuomba chumvi, unarudi kwako chakula kimeshaungua kwa soga. Siku hizi anaitikia salamu na kunyamaza. Ukimuuliza, anakujibu kwamba mdomo wake ulishamponza.

Sasa mama amepata mwaliko kutoka kwa mkwe wake, ili akaone kaburi. Fomu mpya ameijaza Bwana Fomu mwenyewe, kweli tupu, na mama ataingia dirishani Jumanne. Kila jioni anafanya mazoezi ya kujibu maswali. Tulipomtembelea jana, alimtaka mwandishi wa makala hii awe ofisa. Akanyoosha mgongo, akapakata pochi.

"Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kutalii," akajibu haraka. "Hoteli. Siku kumi. Napenda sana makumbusho." Akamgeukia mwanawe. "Nimepatia?"

"Mama, jamani, nimeshakwambia, safari hii sema ukweli. Sema unakwenda kuona kaburi la mwanao."

"Usinitege wewe. Ukweli ndio ulioniponza."

Mwanawe akainamisha kichwa, akaanza kuchezea funguo zake.

Leo mezani kwake, baada ya wale wanandoa kuondoka na tarehe yao sahihi, tunamuuliza kwa nini jana alinyamaza.

"Nitaanzia wapi?" anasema. "Namsikia anajilaumu mbele za watu, na mimi nimekaa hapohapo nakunywa chai. Naona aibu. Nashindwa hata kumtazama usoni."

Na akisema utalii Jumanne?

"Watamrudisha. Fomu inasema jamaa, yeye anasema hoteli. Yaleyale." Anafunga kifuniko cha gundi, anakifungua tena. "Makala yako inatoka lini?"

Jumapili, tunamjibu.

Anatoa simu, anapiga. Sauti ya mama inasikika hadi upande wa pili wa meza, imechangamka. "Ngoja, usiniulize, naanza mwenyewe! Nakwenda kutalii, siku kumi..."

"Mama, acha hiyo. Nisikilize." Anaisukuma gundi pembeni. "Siku ile hukukosea wewe. Fomu niliijaza uongo mimi, sikukwambia. Ulichokisema wewe ndicho kilichokuwa sahihi, Mama. Mimi ndiye niliyekunyima."

Watu wawili kwenye foleni wanatazama pembeni. Anaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

"Nipo," mama anasema. "Funga hiyo meza, uje."